Karani wa Manispaa Aliyeuliza "Twendapi?"

Ndugu msomaji, ukitoka Ngome ya Yesu ukaifuata Ndia Kuu, kisha ukaipa bahari mgongo na kuviingia vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, utajikuta umo mtaa wa Kuze kabla hujatambua umeingia lini. Keti kwenye baraza mojawapo jioni, muuza kahawa apite na dele lake, kisha uwaulize wazee ni nani na nani walioupa mji huu jina. Watakutajia makadhi, watakutajia mawakili, watakutajia mameya. Ukibahatika, watabishana.

Maana njia ya kupanda cheo katika mji kama huu yajulikana tangu zama za wakoloni. Kijana husomea sheria akavaa joho la uwakili. Akishajulikana mahakamani hugombea udiwani, na madiwani wenzake wakimwafiki humvisha mkufu wa umeya. Mvi zikishamjaa kichwani, serikali humkumbuka na kumpa kiti katika baraza la chuo kikuu. (Mkufu huo sasa ni hadithi: tangu uchaguzi wa 2013, Mombasa ni kaunti na mkubwa wake ni gavana anayechaguliwa na wananchi wenyewe.)

Leo sitaki kukusimulia habari za mtu wa namna hiyo. Nataka nikusimulie habari za mwana wa Kuze aliyepita katika milango hiyo hiyo mitatu, wa manispaa, wa mahakama na wa chuo kikuu, ila kila mlango aliingilia uani. Katika manispaa alikuwa karani. Mahakamani alisimama kizimbani. Na chuo kikuu alikiingia akitokea jela.

Jina lake ni Abdilatif Abdalla.

Alizaliwa Kuze tarehe 14 Aprili 1946, katika jamaa ambayo ushairi kwao ulikuwa kama chumvi katika chakula. Nduguye mmoja mkubwa ni Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule aliyeitwa Malenga wa Mvita, na diwani yake yenye jina hilo ilitoka mwaka 1971. Nduguye mwingine mkubwa alikuwa Sheikh Abdillahi Nassir, aliyefariki Januari 2022. Huyu alikuwa mwanasiasa wa Mwambao, akahudhuria mkutano wa Lancaster House kule London mwaka 1962, na baadaye akafanya kazi ya vitabu katika Oxford University Press mjini Nairobi. Na Juma Bhalo mwimbaji wa taarab, ambaye sauti yake imeliza watu wazima kutoka Lamu hadi Vanga, alikuwa jamaa yao pia.

Kijana Abdilatif hakulelewa Kuze peke yake. Alichukuliwa na mzee wa ukoo, Ahmad Basheikh bin Hussein, mwalimu na mshairi, akakaa naye Faza katika visiwa vya Lamu na kisha Takaungu. Msomaji uliyesoma katika shule za mjini huenda ukamhurumia mtoto anayehamishwa namna hiyo. Mimi naona hapo ndipo alipopata mali yake. Mtoto anayekua na mshairi nyumbani hujifunza vina kabla hajajifunza hesabu, na hujua mapema kwamba beti ni silaha. Mombasa ililijua jambo hilo zamani. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, alikuwa akitunga mashairi juu ya vita na watawala, na watu wakayashika kwa kichwa wakayapeleka mtaa hadi mtaa.

Abdilatif alipokua aliajiriwa na Baraza la Manispaa ya Mombasa, katika idara ya hesabu. Msomaji, usiidharau kazi hiyo. Baraza la manispaa siku hizo ndilo lililoshika masoko, leseni, taka, kodi za viwanja na nyumba za kupangisha. Meya alikaa juu na mkufu wake, lakini karani ndiye aliyeona shilingi inaingia wapi na inatokea wapi. Mwananchi wa kawaida alikutana na serikali hapo, dirishani, akiwa na karatasi yake mkononi. Waziri hakumwona ila picha yake gazetini.

Kwa hiyo yaliyotokea mwaka 1968 hayakuwa habari ya mbali kwa karani huyu.

<b>Fomu 1,800 zenye makosa</b>

Wewe kijana uliyezaliwa juzi, vumilia nikurudishe nyuma kidogo. Mwezi wa Aprili 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais, akaondoka KANU na kuongoza chama cha upinzani cha Kenya People's Union, yaani KPU. Mombasa nayo ilikuwa na wafuasi wa chama hicho, na Abdilatif alikuwa mmoja wao, kijana wa miaka ishirini tu.

Mwezi wa Agosti 1968 ukafika uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya. Huo ndio uchaguzi uliokuwa ukiamua nani atakuwa diwani, na kwa hiyo nani atakuwa meya. KPU ilisimamisha wagombea nchi nzima, takriban 1,800. Siku ya kupeleka karatasi za uteuzi ilipofika, wasimamizi walizikataa zote. Sababu iliyotolewa ni kwamba hazikujazwa sawasawa. Wagombea wa KANU wakapita bila kupingwa.

Hebu fikiri, msomaji. Watu 1,800, kutoka pwani hadi ziwani, miongoni mwao walimu, wafanyabiashara na watu waliokwisha kuwa madiwani, wote wa chama kimoja, na wote hawajui kujaza fomu! Hata mwalimu mkali wa darasa la kwanza hajawahi kuangusha darasa zima namna hiyo.

Wengi waliguna wakanyamaza. Kijana wa Kuze alishika kalamu.

Wakati huo palikuwa na karatasi zilizokuwa zikiandikwa kwa siri na wafuasi wa upinzani mjini Mombasa, zikapigwa chapa na kutawanywa usiku. Mwezi wa Novemba 1968 ikatoka moja ambayo kichwa chake kilikuwa na maneno mawili tu: "Kenya: Twendapi?" Asiyejua Kimvita aelewe kwamba "twendapi" ni "twaenda wapi". Lugha yake ilikuwa Kiswahili, wala si Kiingereza cha mabwana wa bungeni, na hilo naona liliwakera wakubwa kuliko tunavyodhani. Maneno ya Kiingereza yangesomwa na watu mia. Ya Kiswahili yalisomwa na mchukuzi wa bandarini, na asiyejua kusoma akasomewa.

Karatasi hiyo iliishutumu serikali kwa kugeuka udikteta. Ilikumbusha yaliyofanyika katika uchaguzi wa mabaraza, ikauliza: wananchi wakifungiwa mlango wa kura, wabakiwe na mlango gani? Swali hilo la mwisho ndilo lililomponza.

Mwezi wa Disemba mwaka huo huo alikamatwa.

<b>Kizimbani, na rufaa ya ajabu</b>

Shtaka lilikuwa uchochezi. Sheria ya uchochezi tuliirithi kwa Waingereza, waliokuwa wakiitumia kuwanyamazisha wapigania uhuru. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 bendera ilibadilishwa, lakini kifungu kile cha sheria kilibaki kitabuni kama kilivyokuwa, kikisubiri mtu wa kukitumia. Chini yake haikulazimu mtu awe ametupa hata kokoto moja. Yatosha maneno yake yawe na nia ya kuwachukiza watu dhidi ya serikali, na nia hiyo hupimwa na hakimu.

Mwezi wa Machi 1969 Abdilatif alipatikana na hatia. Alikuwa na umri wa miaka 22. Hukumu ya kwanza ilikuwa kifungo cha miezi 18.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wanafunzi wa sheria wanapaswa kulitazama vizuri. Kwa kawaida tumezoea kusikia mfungwa ndiye anayekata rufaa akiomba apunguziwe. Safari hii aliyekata rufaa alikuwa Mwanasheria Mkuu wa serikali, kwa hoja kwamba miezi 18 ni kidogo. Mahakama ya juu ikakubaliana naye. Kifungo kikawa miaka mitatu, mara mbili ya kile cha mwanzo.

Piga hesabu kama karani. Yule kijana aliingia mahakama ya juu akiwa na miezi 18, akatoka na miezi 36, na katikati hapana neno jipya hata moja aliloliandika.

Mwaka huo wa 1969 haukuwa mwaka mwema kwa Kenya. Julai Tom Mboya alipigwa risasi mchana katikati ya Nairobi. Oktoba damu ilimwagika Kisumu mbele ya rais, KPU ikapigwa marufuku, na Odinga akatiwa kizuizini. Chama alichofungwa kwa ajili yake Abdilatif kilikufa naye akiwa ndani. Hata angetoka siku hiyo, asingekuwa na ofisi ya chama ya kwenda kubisha hodi.

<b>Karatasi ya msalani</b>

Alipelekwa Kamiti, lile gereza la ulinzi mkali nje kidogo ya Nairobi, na muda mwingi wa kifungo chake alifungiwa peke yake. Msomaji mwenye familia, ambaye nyumbani hupati hata nafasi ya kuoga bila mtoto kugonga mlango, huenda ukafikiri upweke ni starehe. Jaribu kukaa siku moja bila kusemeshwa, kisha uizidishe kwa miaka.

Mshairi wa namna nyingine angalinyamaza humo. Lakini hebu tuuangalie ushairi wa kina Basheikh ulivyoundwa. Shairi la kawaida la Mombasa lina mishororo minne katika kila ubeti. Kila mshororo una mizani 16, nane kwa nane, na vina viwili, kimoja katikati na kimoja mwisho. Watu wa mjini wa siku hizi huziona kanuni hizo kama pingu. Kwa mtu asiye na kalamu wala daftari zina kazi nyingine kabisa. Mizani na vina ni misumari ya kutundikia maneno kichwani. Ukisahau neno, kina kinakukumbusha. Ukizidisha silabi, ulimi unajikwaa. Mtu anaweza kutunga ubeti asubuhi, akauweka moyoni hadi apate pa kuuandika. Sisemi kwamba ndivyo alivyofanya kila mara. Nasema ufundi aliofundishwa utotoni ulimfaa pahala ambapo elimu ya madaftari isingemfaa.

Na karatasi aliipata, ijapokuwa si ya kujivunia: ya msalani. Juu ya karatasi hiyo aliandika mashairi yake, na mashairi hayo yakatolewa nje ya gereza kwa siri. Miaka michache baadaye, mwaka 1978, Ngũgĩ wa Thiong'o naye alikuwa kizuizini humo humo Kamiti, naye akaandika riwaya nzima ya Kikikuyu kwenye karatasi ya aina hiyo hiyo. Sijui kama kuna taifa jingine ambalo fasihi yake ina deni kubwa hivyo kwa choo cha jela.

Alifunguliwa Machi 1972. Mwaka uliofuata, 1973, mashairi yale yakatoka kitabuni kwa jina la "Sauti ya Dhiki", na dibaji yake ikaandikwa na Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu na mtaalamu mkubwa wa Kiswahili wa Mombasa.

Kama hujakisoma, usidhani ni kitabu cha matusi kwa serikali. Lipo shairi liitwalo "Mamba", juu ya mnyama ajionaye mfalme wa mto, na msomaji anaachiwa mwenyewe aamue ni mamba gani anayesemwa. Lipo la watu wawili, Alii na Badi, wanaogombania mnazi mmoja, kila mmoja ana hoja zake. Nimewahi kusikia watu wazima wakibishana nusu usiku ni nani kati yao mwenye haki. Lipo lile ambalo kiumbe kilicho tumboni kinamsihi mama yake asikitoe. Na yapo ya upweke mtupu, ya mtu aliye na kuta nne. Lahaja ni Kimvita cha mitaa aliyozaliwa, bila kuomba radhi. Mwanafunzi wa Kakamega au Meru atakwama mahali, afungue kamusi, aendelee. Haidhuru, sisi wa pwani nasi tumekwama mara ngapi katika Kiingereza cha Shakespeare?

Sasa sikiliza kichekesho cha historia. Mwaka 1974 kitabu hicho kilipewa tuzo ya fasihi iliyo kubwa kuliko zote nchini. Tuzo yenyewe yaitwa Tuzo ya Jomo Kenyatta. Ndiyo, msomaji, umesoma sawasawa. Mtu aliyefungwa kwa kuishutumu serikali ya Mzee alizawadiwa kwa jina la Mzee, kwa mashairi aliyoyaandika akiwa mfungwa wa Mzee.

Mwenyewe wakati huo hakuwa tena Kenya. Alipofunguliwa tu mwaka 1972 alivuka mpaka kwenda Tanzania, na hapo ndipo mlango wa tatu ulipofunguka. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilimchukua kuwa mtafiti. Vyuo vikuu, kama ujuavyo, hupenda kuuliza cheti. Taasisi ile ilikuwa na haja ya mtu aijuaye lugha kutoka mvunguni, na katika miaka hiyo ilikuwa ikiitengeneza Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mwaka 1981 na ambayo vizazi vya wanafunzi vimeibeba mikobani. Abdilatif alikuwa miongoni mwa walioifanyia kazi. Akiwa huko aliifasiri pia riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana, juu ya karani mwaminifu katikati ya mji uliooza kwa rushwa. Kwa Kiswahili akaiita "Wema Hawajazaliwa", nayo ikachapishwa mwaka 1976. Natamani kujua aliyekuwa karani wa manispaa alijisikiaje alipokuwa akiyafasiri maisha ya karani mwenziwe.

Kutoka mwaka 1979 hadi 1986 alikuwa London, katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Huenda wazazi wako walimsikia redioni bila kujua ni yule wa Kamiti. Baadaye akahariri jarida la Africa Events. Siasa hakuiacha: mwaka 1982, Kenya ilipojaza tena wafungwa wa kisiasa, yeye na Ngũgĩ na wenzao walikuwa katika kamati iliyoundwa London kudai wafunguliwe. Mwaka 1995 akaenda Ujerumani, kufundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig, chuo kilichoanzishwa mwaka 1409, kabla mawe ya Ngome ya Yesu hayajapangwa. Alifundisha huko hadi 2011. Wajerumani waliotaka kujua kina na mizani wakajifunza kwa mwana wa Kuze.

Na ile sheria iliyomfunga? Mwaka 1997, katika mageuzi yaliyofanywa kabla ya uchaguzi mkuu, Bunge la Kenya lilifuta vifungu vya uchochezi katika sheria za jinai. Vilikuwa vimedumu miaka 34 baada ya uhuru. Hakuna aliyerudishiwa miezi yake 36.

Kumbuka kwamba mwaka 1968 kukutwa na "Kenya: Twendapi?" mfukoni lilikuwa jambo la kumtia mtu taabani. Walioipata waliisoma haraka wakaichoma, au wakaificha chini ya godoro. Mwaka 2016 ilichapishwa upya, Kiswahili chake kikiwa vile vile na tafsiri ya Kiingereza kando yake, katika jarida la wasomi wa mambo ya Afrika. Kwa hiyo sasa mwanafunzi yeyote anaweza kuiomba maktabani akaisoma mchana kweupe, mlango ukiwa wazi, na akimaliza amrudishie mwenye maktaba.

Ni karatasi fupi. Haimalizi hata kikombe cha kahawa.